Lango Lililofunguka Bila Mkono wa Mtu

Same, nyumbani

Nakiete mwanangu,

Salamu za afya sikuandikii, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na nilikuona ukimaliza viazi vya sahani yako na vya sahani ya baba yako. Sasa ni alasiri. Umepanda Mbaga kumuaga bibi, na namjua mama yangu, hatakuachia ushuke kabla hajakulisha makande na kukuombea sala ndefu. Basi nina nafasi. Sanduku lako liko hapa ukumbini na kila nikipita nalikwepa kama ninayemkwepa mtu aliyelala.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula, wala kupiga simu Jumapili. Hayo baba yako ameyasema wiki nzima na shangazi zako wameyarudia. India kuna watu, na wanakula na kuugua na kupona kama sisi. Utajifunza kwao.

Nataka nikueleze kazi yangu.

Cheka tu. Umekulia katikati ya mafaili, joho langu unalijua, na ulipokuwa mdogo ulilivaa ukaanguka nalo ngazini. Lakini mwalimu wako mmoja aliwahi kuniambia kwamba ukiulizwa mama yako anafanya nini, unajibu "wakili", na ukiulizwa wakili wa nini, unanyamaza. Sikukulaumu. Nilikuwa narudi kutoka Moshi au Dar nimechoka, na nilidhani kesi isiyo na mwizi wala muuaji haiwezi kumvutia mtoto. Sasa unakwenda kusomea uhandisi wa kompyuta, na nimetambua kwamba katika nyumba hii ni mimi niliyekaa karibu na watu wa aina utakayokuwa. Nimewasikiliza wakinieleza kitu walichokitengeneza, wakichora hewani kwa vidole, wakikasirika kwamba sielewi haraka. Nimewapenda sana watu hao. Nilipaswa kukwambia mapema.

Mtu akibuni kitu ambacho hakikuwapo, serikali humpa hati inayoitwa hataza. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Na mwishoni mwa hataza kuna sentensi chache zinazoitwa madai, zinazoonyesha mipaka ya alichobuni, yaani hapa ni pangu, kule si pangu. Wateja wangu karibu wote walikuwa kampuni za teknolojia zilizoambiwa zimevuka mpaka wa mwenzao. Watu wa programu za simu, watu wa mita za umeme, watu wa mashine za kupimia maziwa. Na mimi sikuwa wakili wa mwanzo. Nilikuwa naitwa kesi ikishaamuliwa Mahakama Kuu na mmoja amekata rufaa. Kwenye rufaa hakuna mashahidi. Hakuna anayelia kizimbani. Kuna majaji watatu, kumbukumbu za yale yaliyokwisha kusemwa, na maneno. Watu wazima wenye mvi wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya maana ya neno "kuunganishwa", na niamini, jasho linatoka.

Mara yangu ya kwanza kusimama pale peke yangu nilikuwa nimekariri hotuba. Nilikuwa nimeisema mbele ya kioo, mbele ya baba yako, hata mbele ya kuku wa jirani. Nikaanza vizuri. Jaji mmoja akainua kalamu akasema, "Wakili msomi, samahani. Ukishindwa kwenye hoja hii, je, hoja zako nyingine zinabaki hai?" Nikamjibu, "Waheshimiwa, nitafika huko." Akasema, kwa upole kabisa, "Sisi tumeshafika huko. Tunakusubiri." Watu walicheka, na mimi nikapekua karatasi nikitafuta jibu ambalo sikuwa nimeliandika. Tulishindwa. Tangu siku hiyo sikukariri tena. Nilijifunza kujibu nilichoulizwa, pale pale nilipoulizwa, hata kama jibu linaniumiza. Ni jambo dogo kulisema, lakini lilinichukua miaka kuliweza, na hata nyumbani bado linanishinda, kama baba yako atakavyokuthibitishia.

Lakini rufaa ninayotaka kukusimulia ni moja tu. Ulikuwa kidato cha pili. Utakumbuka labda kwamba mwaka ule nilikuwa na hasira za bure.

Kulikuwa na binti wa Arusha anaitwa Joyce, mhandisi, na wenzake wawili, wote vijana. Walikuwa na kampuni ndogo. Walitengeneza sanduku linalofungwa kwenye mlango wa ndiva. Ndiva unazijua, umeogelea kwenye ile ya kina bibi ukachapwa: lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Sanduku lao lilikuwa na kipimo cha maji, mota ndogo na umeme wa jua. Linajua maji yamejaa kiasi gani na zamu ni ya nani, linamtumia mwenye zamu ujumbe kwenye simu, halafu linafungua mlango lenyewe. Lilipofika Kifaru na vijiji vingine vya tambarare, ugomvi wa maji ulipungua mpaka wazee wakaanza kukosa kazi ya kusuluhisha.

Kisha kampuni moja kubwa ya pampu na mabomba ikawashtaki. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza ya lango la ndiva linalofunguka lenyewe. Si wao waliolibuni. Walikuwa wameinunua kutoka kwa mhandisi mmoja mstaafu wa Usangi, Mzee Elieza. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Jaji aliyasoma madai ya hataza kwa upana, akaona kwamba lango lolote linalofunguka lenyewe kwa kufuata kiasi cha maji liko ndani ya mpaka. Akaamuru masanduku yote yang'olewe. Amri ikasimamishwa kusubiri rufaa, na Joyce akaja ofisini kwangu Moshi akiwa na macho mekundu.

"Mama wakili," akaniambia kabla hajakaa, "hii kesi ni nyepesi. Hiyo hataza ni ya uongo. Ndiva zimekuwepo tangu mababu. Wewe ni Mpare, wewe unajua kuliko mimi. Huwezi kuvumbua ndiva."

Nikamwambia nami naona hivyo. Nilifurahi kupita kiasi, mwanangu. Babu yako alikuwa akifungua ndiva ya ukoo wetu alfajiri, anazama hadi kiunoni kuchomoa gogo lililoziba mlango, na mimi nimesimama ukingoni na blanketi lake. Nilikuwa nasikia meno yake yakigongana. Na sasa kampuni fulani inakuja na karatasi kusema mlango wa ndiva ni wake? Niliandika sababu ya kwanza ya rufaa siku ile ile, kwamba hataza haina kitu kipya ndani yake na ifutwe. Ya pili nikaiandika kwa kukamilisha tu, kwamba hata kama hataza ni halali, sanduku la Joyce liko nje ya mipaka yake.

Kisha nikakaa kusoma kumbukumbu za kesi, na furaha ikaanza kupungua. Wakili wa kwanza wa vijana hakuwa amemleta hata shahidi mmoja kueleza habari za ndiva za zamani. Na mahakama ya rufani haipokei ushahidi mpya ila kwa sababu nzito sana. Yote niliyoyajua mimi kwa meno ya baba yangu, majaji hawakuruhusiwa kuyajua. Hilo lilinisumbua. Lakini kulikuwa na jingine lililonisumbua zaidi. Kila nilipousoma mchoro wa lango la Mzee Elieza, sikuuelewa. Niliona pipa, mnyororo, kapi. Hakuna mota. Hakuna waya. Nikajiuliza, sasa linafungukaje?

Nikampigia Joyce. "Twende Usangi tukalione."

"Kuona nini, Mama? Pipa?"

"Lipo kwenye mfereji wa watu wote, hakuna anayetukataza kutazama. Wewe ni mhandisi. Uje unieleze."

Alikuja na gari la kazini, amenuna. Tulilala Mwanga, tukapanda mlima kukiwa bado giza kidogo, ukungu umekaa kwenye migomba, Joyce akitazama saa yake kila kona. Alikuwa anaona wakili wake anapoteza muda.

Kwenye ukingo wa ndiva tulimkuta mzee amevaa koti la mvua, anang'oa magugu. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmepotea?"

Kwa jinsi alivyokuwa akilitunza lango lile, nilitambua pale pale kwamba ndiye Mzee Elieza. Sikutarajia kumkuta. Nikasema, "Baba, mimi ni wakili wa wale vijana wa masanduku. Huyu ni mmoja wao. Sitakuuliza neno lolote la kesi, na ninakuomba usiniambie lolote. Tumekuja kutazama lango tu."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atatufukuza. Akasema, "Kesi si yangu tena. Niliuza, nikasomesha wajukuu. Lakini lango ni hili hapa. Kaeni. Liko karibu kuamka."

Tukakaa kwenye mawe. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, imetulia. Pembeni kulikuwa na pipa limening'inia kwa mnyororo uliopita juu ya kapi, na mwisho wa pili wa mnyororo umeshika ubao mzito uliofunga mlango wa maji. Basi. Hakuna kingine. Chini, mashambani, wanawake wawili na mwanamume mmoja walikuwa wamesimama na majembe wakipiga soga, migongo yao imeelekea kwetu.

Halafu nikasikia maji yanadondoka. Ndiva ilikuwa imefikia kijibomba kilichotobolewa juu ukingoni, na maji yaliyozidi yalianza kupita humo na kuingia kwenye pipa. Yakaingia taratibu. Pipa likatikisika, likashuka kidogo. Mnyororo ukakaza. Nilishika mkono wa Joyce bila kujua. Pipa likashuka tena, safari hii kwa uzito wake wote, na ule ubao ukainuka kutoka kwenye matope kama mtu anayesimama, na maji yakatoka. Hakuna aliyegusa kitu. Maji yalikimbia mferejini kwa kishindo, na wale watu mashambani wakageuka, wakashika majembe yao na kuanza kazi, bila kushangaa hata kidogo, kwa sababu ndivyo asubuhi inavyokuwa kwao.

Mimi nililia. Sijui nikuelezeje. Nilimwona babu yako ndani ya yale maji ya baridi, asubuhi zote zile, na nikamwona mtu huyu aliyekaa akafikiri mpaka maji yakajifungulia njia yenyewe.

"Na linafungwaje?" Joyce aliuliza. Alikuwa ameshavua viatu.

"Tazama chini ya pipa," mzee akamwambia.

Joyce akashuka, akapiga magoti matopeni, akaingiza mkono chini ya pipa. Kulikuwa na tundu dogo. Pipa lilikuwa linavuja polepole. Likishavuja vya kutosha linakuwa jepesi, ubao unarudi chini kwa uzito wake, ndiva inaanza kujaa upya. Mzee alikuwa na vizibo vya ukubwa mbalimbali mfukoni. Shamba kubwa anaweka kizibo cha tundu dogo, maji yanatoka muda mrefu. Shamba dogo, tundu kubwa. Ile ilikuwa saa, Nakiete. Alikuwa ametengeneza saa ya maji inayofungua mlango.

Joyce alikaa pale matopeni akilipima lile tundu kwa kidole. Kisha akaanza kucheka, si kicheko cha dharau. "Mzee," akasema, "wewe ni hatari. Wewe ni hatari kabisa. Uliwazaje hiki kitu?"

Mzee Elieza akakuna kidevu. "Nilikuwa mvivu wa kuamka," akasema. Nasi sote tukacheka, hata yeye mwenyewe, mpaka akakohoa.

Wakati wa kushuka mlima ndipo Joyce alipoigusa kesi. "Sababu ya kwanza," akasema, macho yake yakiwa barabarani. "Ile ya kusema hana kitu kipya."

"Ndiyo."

"Si kweli, eh?"

"Si kweli. Ndiva ni za mababu. Lango lile si la mababu. Baba yangu angekuwa na lango lile nisingesimama na blanketi."

"Tukiitoa tutabaki na moja tu."

"Tutabaki na moja."

"Na tukishindwa kwa hiyo moja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba tukishindwa masanduku yatang'olewa na kampuni yake itakufa. Nikamwambia pia kwamba uamuzi ni wake, mimi ni wakili tu, na kwamba kuna mawakili wazuri ambao wangezibeba sababu zote mbili na wasingekuwa wamefanya kosa. Alisimamisha gari kando ya barabara. Alishuka, akatembea kidogo, akawapigia simu wenzake. Walibishana sana, nilimwona akirusha mikono. Aliporudi alikaa na kufunga mkanda. "Itoe," akasema. "Siwezi kwenda kuwaambia majaji kwamba kile kitu si kitu."

Alikuwa na umri mdogo kuliko shangazi yako wa mwisho. Nilimtazama kwa heshima ambayo sikuwa nimewahi kumpa mteja. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi nikiamini kwamba ushindi unakuja kwa kumfanya mwenzako aonekane mdogo. Si kwa matusi, sisi hatutukanani, tunaitana wasomi. Lakini kwa kazi nzuri ya maneno unaweza kuuchukua uvumbuzi wa mtu ukaupunguza kipande kwa kipande, mpaka mwenyewe aliyekaa nyuma mahakamani aanze kujiuliza kama aliwahi kubuni chochote. Niliifanya kazi hiyo vizuri, nikasifiwa. Kwa Joyce nilijifunza kwamba kuna njia ya kumkubali mpinzani wako kwa kipimo chake kamili na bado ukasimama.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa Arusha. Nilisimama, nikainama, nikasema, "Waheshimiwa majaji, naomba kuiondoa sababu ya kwanza ya rufaa."

Jaji aliyekaa katikati, mwanamama mwenye sauti ya chini ambayo ilimlazimu kila mtu kunyamaza ili amsikie, akanitazama juu ya miwani. "Mteja wako anafahamu?"

"Anafahamu, mheshimiwa. Yuko nyuma yangu."

"Kwa hiyo unakubali mbele yetu kwamba hataza hii ni halali."

"Ninakubali zaidi ya hapo, mheshimiwa. Ninakubali kwamba ni uvumbuzi wa kweli."

Wakili wa upande wa pili aligeuza kichwa. Ni mtu mwenye uwezo mkubwa, na nadhani nusu ya maandalizi yake ilikuwa ya kuitetea hataza. Jaji akaegemea mbele. "Basi tusaidie. Kama ni uvumbuzi wa kweli, kwa nini hataza isimlinde mwenye nayo dhidi ya mteja wako?"

Swali lilikuwa ndilo hilo. Zamani ningesema nitafika huko. Nikasema, "Kwa sababu mvumbuzi alieleza mwenyewe alichokibuni, mheshimiwa, na alikieleza vizuri. Anasema lango linafunguliwa na uzito wa maji yaliyojaa chomboni, na linafungwa uzito huo unapopungua. Hicho ndicho kitu chake na kinastaajabisha. Lakini alibuni namna moja ya kufungua lango. Hakubuni kufunguka kwenyewe."

Jaji wa kulia akauliza, "Na lango la mteja wako, maji yakiwa mengi, halifunguki?"

"Linaweza lisifunguke, mheshimiwa. Kama si zamu ya mtu, ndiva inaweza kujaa mpaka imwagike na lango likabaki limefungwa. Lango la mvumbuzi haliwezi kufanya hivyo. Yeye ameyapa maji amri. Wateja wangu amri wameiweka kwenye hesabu ya zamu."

Jaji wa katikati akamgeukia wakili wa upande wa pili. "Wakili msomi, tuonyeshe ndani ya madai neno moja linalofika kwenye mota." Alisimama, akajibu kwa ustadi, kwamba mota ni namna nyingine tu ya kuinua ubao ule ule. Alinitia hofu, nakwambia. Nilikaa nikiona majaji wakiandika na sikujua wanaandika nini. Tulipotoka nje Joyce aliniuliza, "Mama, tumeshinda?" Nikamwambia sijui. Hakuna jibu gumu kwa wakili kulitoa kama hilo, nalo ndilo nililolitoa mara nyingi kuliko jingine lolote.

Tulisubiri miezi. Masika yalikuja yakapita. Ni wakati huo ambapo nilikufokea kwa sababu ya sufuria ya wali, na ukanijibu kwamba wewe si kesi yangu. Niliichukua sufuria nikaiosha mwenyewe, kwa sababu ulikuwa sahihi, na kwa sababu nilikuwa nimekutazama ghafla nikaona umekuwa mrefu.

Huko uendako utatengeneza vitu. Sijui vipi, na wala wewe hujui, hilo ndilo linalonifanya nikae hapa na kalamu nikitazama milima kama mgeni. Kuna siku utakuta mtu amekutangulia, amefanya kile ulichotaka kufanya, na amekifanya vizuri. Utasikia moyo unauma na utataka kusema hakufanya kitu. Nakuomba siku hiyo uende ukakitazame kitu chake kikifanya kazi, toka mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo fanya utakalo. Utajua wapi yeye ameishia, na pale ndipo wewe unaanza. Joyce na wenzake walirudi kwenye meza yao baada ya Usangi wakaboresha sanduku lao, kwa sababu walikuwa wameona kwa mara ya kwanza ni kitu gani hasa ndani yake kilikuwa chao.

Hukumu ilipotolewa nilikwenda Arusha mwenyewe kuichukua. Rufaa ilikubaliwa. Amri ya kung'oa masanduku ilifutwa. Joyce alikaa chini sakafuni kwenye korido ya mahakama, na gauni lake jeupe, akapiga simu kwao. Mimi niliisoma hukumu kwenye basi, ukurasa kwa ukurasa. Mahali fulani katikati, ambapo hapakuwa na ulazima wowote wa kisheria, majaji walikuwa wameandika aya moja juu ya lango la Usangi. Niliisoma, nikatazama nje dirishani, nikaisoma tena.

Nilikuwa nimeshuka stendi hapa Same, natafuta bodaboda, simu ikaita. Namba ngeni.

"Wakili? Ni mimi Elieza wa Usangi. Namba nimepewa na yule binti. Huwa anakuja kunisalimia."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mmetushinda."

"Wateja wangu wameshinda, baba."

"Haya. Vizuri. Masanduku yale ni mazuri, nimeyaona." Akakohoa kidogo. "Binti anasema majaji wameandika habari zangu. Mimi macho yangu na hizo karatasi... Wameandika nini?"

Nikasogea ukutani, mbali na honi na wapiga debe, nikaweka mkoba wangu chini, nikaifungua hukumu. Nikamsomea. Kwamba hapakuwa na ubishi mbele ya mahakama juu ya jambo hili: lango lile lilikuwa uvumbuzi wa kweli, halikuwahi kuwapo kabla yake, lilizaliwa kwenye akili ya Elieza wa Usangi, na mahakama inamtambua kwa jina hilo la mvumbuzi.

Nilidhani simu imekatika. Nikaita, "Baba?"

"Nipo," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha nikamsikia ameiweka simu mbali na mdomo, anamwita mkewe kwa Kipare, halafu kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka uani mpaka jikoni. "Mama Neema! Acha hicho, njoo. Njoo usikie." Nikasikia kandambili zinakuja, mlango ukalia, mwanamke anauliza kuna nini, na yeye anamwambia akae. Simu ikarudi.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena.

Ni mimi niliyekuzaa, na ambaye tangu siku ile sijaacha kukushangaa,

Mama